Mzazi Anakula Nini? Mafunzo Kutoka kwa Panya wa Maabara



Safari hii tunataka tuongee juu ya chakula na uzazi. Tunaanza na jambo tulilolikuta katika kikundi kimoja cha akina mama, ambacho hatutakitaja jina.

Kikundi hicho kilianza mradi wa sungura, majike sita na dume mmoja. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Majike walizaa na vitoto vikakua. Mara ya pili vitoto vilipungua. Mara ya tatu ikawa ni hasara tupu. Jike mmoja alizaa vitoto vilivyokufa. Mwingine alipandishwa mara mbili na hakuzaa kitu. Wa tatu alizaa saba, vikanyonya siku chache tu, vikaisha kimoja kimoja. Walipofunua kiota walikuta ngozi zimekunjamana na matumbo yameshikana na mgongo. Yaani vilikufa njaa na mama yao yupo.

Tulipofika, mkutano haukuwa tena wa sungura. Mama mmoja alisimama akamwambia mwenzake aliyekuwa na zamu ya kutunza: "Mama, tusidanganyane. Mkono wako si mzuri. Tangu uchukue hiyo kazi hatujaona kitu." Mama aliyeambiwa hivyo ameolewa miaka mitano na hajajaliwa mtoto. Kila mtu mle ndani alielewa maneno yale yanaelekea wapi. Hakujibu. Alifungua pindo la leso, akatoa ufunguo wa kizimba, akauweka mezani.

Sisi tukauliza swali moja tu: Hawa sungura wanakula nini?

"Wanashiba," tukajibiwa. "Hakuna siku wamelala njaa."

Wanashiba nini? Ukoko wa ugali, pumba za mahindi, na nyasi kavu. Ulikuwa wakati wa kiangazi, na majani mabichi machache yaliyopatikana alipewa ng'ombe. Maji waliwekewa asubuhi, kikopo kimoja.

Hapo tuliona haya, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa letu. Tulipoanzisha mradi ule tulifundisha kujenga kizimba, kuandika vitabu vya hesabu na kutafuta soko. Habari ya chakula cha mzazi tuliipitia haraka haraka. Makala hii ni deni tunalolipa.

PANYA WANA MAANA GANI KWETU?

Mengi yanayojulikana leo kuhusu chakula na uzazi yalipatikana kwa wanyama wa maabara, hasa panya weupe. Mtu atauliza, panya na sisi tuna nini? Jibu ni rahisi. Panya hubeba mimba kwa siku 21 hadi 23 tu. Hunyonyesha kama wiki tatu. Katika mwaka mmoja mtafiti anaweza kuona mama, watoto na wajukuu. Tena anaweza kumpa kila panya chakula kilichopimwa, akaondoa kitu kimoja tu, halafu akangoja aone kitakachotokea. Mtu huwezi kumfanyia hivyo.

Lakini habari yenyewe ilianzia kwa ng'ombe.

NG'OMBE WA WISCONSIN

Kati ya mwaka 1907 na 1911, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichukua mitamba 16 wakawagawa makundi manne. Kundi la kwanza lilikula mmea wa mahindi peke yake: punje, majani na mabua. La pili lilikula ngano na mabua yake makavu. La tatu lilikula shayiri aina ya oti. La nne lilichanganyiwa zote tatu. Kwa vipimo vya wakati ule, vyakula hivyo vyote vilikuwa sawa. Protini ilikuwa sawa na nguvu ilikuwa sawa. Kwenye karatasi hakukuwa na tofauti.

Kumbe kwenye boma tofauti ilikuwa kubwa. Ng'ombe wa mahindi waling'aa, wakazaa ndama wenye nguvu. Wa ngano walikonda, manyoya yakasimama, wengine wakapofuka. Ndama wao walizaliwa kabla ya wakati, na walikuwa wamekufa au walikufa upesi. Maziwa ya mama zao nayo yalikuwa machache. Wa oti walikuwa katikati. Na hakuna kundi lililolala njaa.

Mmoja wa watafiti hao, Elmer McCollum, aliona ng'ombe wanachelewesha kazi, kwa hivyo mwaka 1908 akaanza kufuga panya weupe. Mwaka 1913 yeye na Marguerite Davis waligundua kwamba ndani ya mafuta ya siagi na kiini cha yai mna kitu ambacho mwili hauwezi kuishi bila hicho. Leo tunakiita vitamini A.

Kisha mwaka 1919 mwenzao, Harry Steenbock, alilisha panya mahindi ya manjano na wengine mahindi meupe. Wa mahindi ya manjano waliendelea. Wa mahindi meupe walidhoofika. Ile rangi ya manjano ndiyo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Majani mabichi nayo yanayo kwa wingi, ila ukijani umeifunika.

Sasa tujiangalie sisi. Mahindi ya manjano na majani yake yaliwaokoa ng'ombe wa Wisconsin. Hapa Kenya tunakula na kulisha mahindi meupe. Ukichukua mahindi meupe, ukaongeza nyasi zilizokauka mpaka zikawa nyeupe, umempa mnyama chakula cha kujaza tumbo ambacho karibu hakina vitamini A kabisa. Hicho ndicho walichokula sungura wa kikundi chetu.

KWA NINI UZAO WA KWANZA ULIKUWA MZURI?

Hilo ndilo lililowachanganya akina mama. Kama chakula ni kibaya, mbona mara ya kwanza walizaa vizuri?

Mwili una akiba, kama vile kikundi kina akiba. Vitamini A huwekwa kwenye ini. Chokaa, yaani kalisiamu, huwekwa kwenye mifupa. Mafuta huwekwa chini ya ngozi. Sungura walipoletwa walikuwa wamekula majani mazuri kule walikotoka, na akiba ilikuwepo. Mimba ya kwanza ilitoa, maziwa yakatoa. Hakuna aliyerudisha. Mara ya pili ikabaki kidogo. Mara ya tatu mama alikwenda kutoa akakuta hakuna kitu.

Tena si kila kitu huwekwa akiba. Mwaka 1966, Lucille Hurley na Helen Swenerton wa Chuo Kikuu cha California walichukua panya waliokula vizuri hadi siku ya kupandishwa, halafu katika siku za mimba tu wakawaondolea madini ya zinki. Vitoto karibu vyote vilivyozaliwa vilikuwa na kasoro. Zinki ilikuwepo ndani ya mifupa ya mama, lakini haikuweza kutoka kwa haraka ya kutosha. Kwa hivyo kula vizuri jana hakukuondolei haja ya kula vizuri leo. Mzazi anahitaji akiba kabla ya mimba, na pia anahitaji sahani nzuri kila siku ya mimba.

MIMBA INAYOPOTEA KIMYA KIMYA

Yule jike aliyepandishwa mara mbili asizae, je?

Mwaka 1922, Herbert Evans na Katharine Bishop wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley walilisha panya chakula walichoona kimekamilika. Kilikuwa na protini ya maziwa, wanga wa mahindi, mafuta ya nguruwe, siagi kidogo, madini na hamira. Panya walikua wakanenepa. Walipandana, mimba zikashika. Lakini katikati ya siku za mimba vijusi vilikufa, na mwili wa mama ukavifyonza. Hakukuwa na damu nyingi wala mtoto mfu wa kuonekana. Mtu wa kupita angesema tu: huyu jike ni tasa.

Wakaongeza majani mabichi ya letasi, ile saladi. Panya wale wale wakazaa. Baadaye wakaona kiini cha punje ya ngano kinafanya kazi hiyo hiyo. Kitu hicho kiliitwa vitamini E. Mwaka 1936 Evans na wenzake walifaulu kukitenga, wakakiita tokoferoli, jina linalotokana na Kigiriki, maana yake ni kuzaa mtoto.

Na tusiwatazame majike peke yao. Panya dume aliyekosa vitamini E kwa muda mrefu, viungo vyake vya kutengeneza mbegu huharibika. Jike ukimrudishia chakula, mimba inayofuata huweza kukaa. Dume yule, akishaharibika kabisa, hata umpe chakula kizuri haponi. Katika mradi wa sungura mara nyingi dume ndiye anayepewa makombo ya mwisho, kwa sababu "yeye hazai". Hapo tunajikata wenyewe.

Tafadhali mtu asisome hapa akakimbilia vidonge vya vitamini E. Kwa binadamu upungufu wake ni nadra, na kukosa mtoto kuna sababu nyingi, za mume na za mke. Tumeieleza habari hii ili tujue kwamba mnyama anaweza kuonekana mnene, mwenye afya, na bado akakosa kitu kimoja kidogo ambacho bila hicho mimba haikai.

WANASEMA NI LAANA

Kuna jambo lingine la kusema wazi. Mtoto wa mnyama akizaliwa na kasoro, watu hunong'ona. Hata akizaliwa wa binadamu, hunong'ona zaidi.

Mwaka 1933 huko Texas, Marekani, mtafiti Fred Hale alieleza habari ya nguruwe jike aliyelishwa chakula kisicho na vitamini A kwa miezi kadhaa kabla ya kupandishwa, na kwa siku 30 za kwanza za mimba. Alizaa watoto 11. Wote hawakuwa na mboni za macho, hata mmoja. Mtu angeweza kusema ni damu mbaya ya ukoo ule. Hale akapandisha nguruwe vipofu wa namna hiyo, akawapa chakula kizuri. Watoto wao walizaliwa na macho yao sawasawa. Kasoro haikuwa kwenye damu. Ilikuwa kwenye pipa la chakula.

Si kila kasoro inatoka kwenye chakula. Nyingine zinatoka kwenye ugonjwa, nyingine kwenye urithi, nyingine kwenye dawa na sumu. Lakini jambo moja tunaweza kulisema bila kusita: mkono wa anayefungua mlango wa kizimba hauharibu mimba. Kinachobebwa na mkono huo ndicho cha kuangaliwa.

MAZIWA NI KAZI NGUMU KULIKO MIMBA

Wengi hufikiri mama akishazaa amemaliza. Wakati wa mimba wanamwangalia, akizaa wanamsahau. Wanyama wa maabara wametuonyesha kwamba hesabu ni kinyume.

Chukua panya mama mwenye uzito wa gramu 300. Anazaa vitoto kumi, kila kimoja gramu tano au sita. Jumla ni kama gramu 60. Baada ya wiki tatu kila kitoto kina gramu 40 hadi 50. Jumla imekuwa zaidi ya gramu 400. Katika siku 21 vitoto vimekuwa vizito kuliko mama yao, na karibu yote yamepitia kwenye matiti yake. Ndiyo maana panya anayenyonyesha hula mara mbili au tatu ya kawaida yake.

Mwaka 1993 wataalamu wa lishe wa Marekani walitoa kanuni mbili za chakula cha panya wa maabara. Moja ni ya panya mzima asiye na kazi kubwa. Ina gramu 140 za protini ya maziwa katika kila kilo, na gramu 40 za mafuta. Ya pili ni ya wanaokua, wenye mimba na wanaonyonyesha. Ina gramu 200 za protini hiyo na gramu 70 za mafuta. Yaani mzazi hapewi tu zaidi ya chakula kile kile. Anapewa chakula kizito zaidi, kwa sababu tumbo lake lina mwisho. Ukimwongezea pumba tupu, atashiba kabla hajapata anachotafuta.

Panya mama akipunguziwa protini, maziwa hupungua na vitoto hudumaa. Mama mwenyewe hukonda, maana huchomoa nyama yake mwenyewe kujaribu kuwalisha.

Na je, kitoto kikikosa maziwa utotoni, si kitakula baadaye kirudishe? Swali hilo lilijibiwa Cambridge, Uingereza, na Elsie Widdowson na Robert McCance. Mwaka 1960 walieleza jinsi walivyowapa panya mama wengine vitoto vitatu tu vya kunyonyesha, na wengine vitoto 15 hadi 20. Wale watatu walipata maziwa tele. Wale wengi waligombania. Baada ya kuachishwa, wote walipewa chakula bila kupimiwa. Lakini waliokosa maziwa hawakuwafikia wenzao. Walibaki wadogo maisha yao yote. Panya waliokosa chakula wakiwa wakubwa kidogo, wao walipopewa chakula walirudisha mwili. Kwa hivyo kuna dirisha. Likifungwa halifunguki tena.

McCance hakuliacha jambo hili kwenye maabara. Alipostaafu mwaka 1966 alikuja Kampala, akaongoza kwa miaka miwili kituo cha utafiti wa utapiamlo wa watoto.

KUZIDISHA NAKO NI KOSA

Tumesema upungufu, lakini mtu asichukue hili akavuka mpaka.

Mwaka 1953 ilionyeshwa kwamba panya wenye mimba waliopewa vitamini A kwa wingi kupita kiasi walizaa vitoto vyenye kasoro. Hata sungura huharibika wakizidishiwa. Rangi ya manjano ya majani na karoti haina hatari hiyo, kwa sababu mwili huigeuza kadiri unavyohitaji. Hatari iko kwenye dawa za kuchanganya na maji au kudunga ovyo. Usimpe mnyama mwenye mimba bila kumwuliza afisa wa mifugo.

Unene nao una ubaya wake. Jike wa sungura au simbilisi aliyenenepa sana, halafu akaacha kula siku za mwisho za mimba, anaweza kuugua ghafla na kufa pamoja na mimba yake. Mfugaji mzuri humtaka jike mwenye nyama ya wastani. Ukipapasa mgongo usikie mifupa, lakini isikuchome.

Tena, chakula cha aina moja ni hatari hata kikiwa kibichi. Mwaka 1928 huko Baltimore, Marekani, sungura wa maabara waliolishwa kabichi karibu peke yake waliota rovu, ule uvimbe wa shingo.

Mwisho, mahindi yaliyoota ukungu. Kuna msemo mbaya vijijini: "Haya hayaliki, wape mifugo." Sisi wa Kenya tunaijua sumu hiyo. Mwaka 2004 watu zaidi ya 100 walikufa, hasa Ukambani, kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Ng'ombe akila mahindi hayo sumu hupita kwenye maziwa. Usiyaonje, usiyasage, usimpe mnyama, sembuse mwenye mimba au anayenyonyesha.

BASI TUFANYE NINI KWENYE KIZIMBA?

Haya ndiyo tuliyokubaliana na kile kikundi. Hakuna linalohitaji pesa nyingi.

1. Anza kabla ya kupandisha. Mpe jike majani mabichi ya kutosha kwa wiki kadhaa kwanza, ili akiba ijae. Jike aliyekonda asipandishwe. Dume naye apewe chakula hicho hicho.

2. Changanya. Majani ya viazi vitamu, kunde, lusini, mchicha wa shambani na nyasi nzuri. Sukuma wiki na kabichi ziwe kidogo tu. Majani yaliyolowa umande yaache yanyauke kwanza, yasije yakajaza tumbo gesi. Majani ya waru na ya nyanya yana sumu, usiwape.

3. Nyasi kavu ziwe za kijani. Kata nyasi kabla hazijakomaa, zikaushe kivulini, uziweke mahali pakavu. Zikiwa nyeupe kama kamba, vitamini A imekwisha. Hii ndiyo kazi ya kufanya mvua inapokwisha, si kungoja kiangazi kifike.

4. Ongeza protini wakati wa maziwa. Mashudu ya alizeti, majani ya jamii ya kunde, au chakula cha sungura cha dukani kama kikundi kinaweza. Pumba za ngano ni bora kuliko ukoko wa ugali.

5. Maji, maji, maji. Maziwa sehemu kubwa ni maji. Jike anayenyonyesha anaweza kunywa zaidi ya lita moja kwa siku. Akikosa maji anaacha kula, akiacha kula maziwa yanakauka. Kikopo kimoja cha asubuhi hakitoshi.

6. Mpe nafasi ya kupumzika. Sungura hubeba mimba siku 31 hivi, na anaweza kushika tena mara tu akizaa. Kuweza si kupaswa. Mwache anyonyeshe, arudishe mwili, ndipo apandishwe.

7. Andika. Daftari moja la shilingi chache. Andika tarehe ya kupandisha, tarehe ya kuzaa, vitoto vilivyozaliwa hai, vilivyokufa, na walichokula wiki hiyo. Watafiti tuliowataja hawakuwa na uchawi wowote. Walikuwa na mizani na daftari.

Jambo moja zaidi. Jike wa sungura hunyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika chache, mara nyingi usiku au alfajiri. Usipomwona akinyonyesha mchana usiseme amewakataa. Angalia matumbo ya vitoto asubuhi. Yakiwa ya mviringo, wameshiba.

NA SISI WATU JE?

Hatuwezi kumaliza bila kusema haya, maana tunajua mkiwa nyumbani mtaulizana.

Mtu si panya. Panya hulea vitoto kumi kwa wiki tatu. Mama wa binadamu hulea mtoto mmoja, taratibu, kwa miezi mingi. Kwa sababu hiyo hata mama asiyekula vizuri sana huweza kutoa maziwa ya kumkuza mtoto wake. Mama yeyote asiambiwe, "maziwa yako ni mepesi, mwachishe." Hayo ni makosa makubwa. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, hata maji asipewe, kisha aendelee kunyonya huku akipewa chakula kingine.

Lakini maziwa hayo yanatoka mahali. Mama asipolishwa, mwili wake ndio unaolipa. Tena vitu vingine, kama vitamini A, vitamini kadhaa za kundi B, na madini joto ya kwenye chumvi, vikipungua kwa mama hupungua na kwenye maziwa. Mama anayenyonyesha anahitaji kama mlo mdogo mmoja wa ziada kila siku. Si lazima uwe wa gharama. Maharagwe, omena, yai, mboga za kijani zilizotiwa mafuta kidogo, papai, maboga, njugu. Dawa za kuongeza damu anazopewa mjamzito kliniki azimeze, asiziweke kabatini.

Mahali pengine mama mjamzito hukatazwa mayai, na nyama nzuri huwekewa wageni na wazee. Hatutaki kumkosea mzee yeyote. Tunauliza tu: katika nyumba yetu, nani anafanya kazi ya kujenga mtu mwingine kwa mwili wake, na sahani yake inakuja ya ngapi?

TULIVYOACHANA NA KIKUNDI

Hatutawadanganya kwamba siku ya pili kila kitu kilikuwa sawa. Jike mmoja hakuzaa tena, akauzwa. Lakini walipanda viazi vitamu kando ya kizimba kwa ajili ya majani, wakaweka mtungi wa maji, wakawapumzisha majike. Uzao uliofuata ulikaa. Pengine palikuwa na sababu nyingine pia, kama baridi au ugonjwa ambao hatukuuona. Ndiyo maana tulisema daftari liandikwe.

Na ule ufunguo? Ulilala mezani mpaka mkutano ukaisha. Kisha yule mama aliyesema maneno makali aliuchukua, akamrudishia mwenzake mkononi, akasema, "Mama, endelea wewe. Mimi kesho nitaleta majani." Hakuomba msamaha kwa maneno mengine. Lakini kesho yake alikuja na mzigo kichwani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Wanyama wetu wenye mimba walikula nini wiki iliyopita? Tutaje kila kitu, hata makombo.

2. Kiangazi kikija tutapata wapi majani ya kijani? Nani atapanda nini, na lini?

3. Je, kuna mtu katika kikundi tuliyemlaumu kwa hasara ambayo hatukuichunguza?

4. Nyumbani kwetu, mama mjamzito au anayenyonyesha anapata sehemu gani ya chakula?

Tuandikieni majibu yenu. Tutafurahi kujifunza kutoka kwenu.